Bao Nililompa Baba

Jumatatu, 4 Mei
Niko Zhanxi, soko la viatu, tangu asubuhi. Katoni arobaini za raba, na laoban, yaani mwenye duka kwa Kichina, mama mmoja, hashushi bei hata kidogo. Nampenda mama huyu, lakini ananitoa jasho.

Kesho usiku timu yetu inarudiana nusu fainali ya Ulaya. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hataki kutangaziwa na mtu ila mimi. Siku ya pili yake, hapa ikiwa jioni na kwetu Tanga mchana, nafungua marudio bila sauti, namtangazia kwa simu. Mpaka hapo hatoki nje, asije akasikia matokeo barazani. Alinilea hivyohivyo, redio sikioni, ananisimulia.

Jumatano, 6 Mei
Nimefanya ujinga.

Mdogo wangu Salimu, anayemshikia Baba simu, alininong'oneza kabla hatujaanza: upasuaji wa jicho ni kesho, presha ikipanda daktari anaahirisha. Wameshaahirisha mara mbili. Dakika ya sabini tukafungwa. Baba akaanza kuhema. Tukasawazisha, refa akakataa, kuotea. Mimi nikampa Baba bao. Likanitoka tu, na kurudi nyuma nikashindwa. Mwishoni nikampa la pili, la kichwa, zuri kwelikweli. Alipiga makelele hadi Salimu akaangusha simu.

Tumetolewa. Baba anajua tuko fainali.

Alhamisi, 7 Mei
Presha safi. Amepasuliwa jicho la kulia. Alhamdulillahi. Nimelia ndani ya metro, watu wakanipisha kiti.

Jumatano, 13 Mei
Baba anaona! Kamwambia Salimu shati lake lina doa. Furaha yangu nusu tu, maana kesho anataka kwenda barazani kuwasimulia wenzake kile kichwa. Wiki nzima Salimu kamzuia kwa kisingizio cha vumbi. Sasa ananiuliza amfungie ndani mpaka lini.

Watamcheka mbele ya watu. Kwa sababu yangu. Mtu mzima mimi, napakia kontena bandarini Nansha, namdanganya baba yangu mzazi. Naona haya.

Alhamisi, 14 Mei
Nimempigia kabla hajatoka. Nimesema yote kwa mkupuo mmoja. Baba akauliza kimoja tu:

"Na kile kichwa?"

"Nilikitunga, Baba."

"Kilikuwa kizuri."

Halafu ikaja sauti yake ya ualimu: "Tangaza upya. Kama ilivyokuwa."

Dakika tisini nimekaa juu ya katoni dukani, nampa mechi yake. Bao lao. Letu, na refa akilikataa. Laoban hakuelewa neno, akaniletea maji ya moto. Filimbi ya mwisho niliitangaza kwa taabu. Baba akaniambia nisisahau kula, akakata simu.

Barazani hakwenda leo. Salimu anasema amekaa ukumbini tu.

Jumapili, 31 Mei
Fainali ilikuwa jana, wamecheza wengine. Leo kapiga Baba. Ameitazama kwa jicho lake mwenyewe. Akanikataza kufungua video ya mechi.

Nimefunga katoni za mwisho huku akinitangazia. Matokeo nilishayasikia sokoni asubuhi. Sikumwambia. Amenitajia mpaka kadi za njano. Hakuniongezea hata kona moja.