Kofia ya Nne

Kaka Cleavon,

Hapa Mississippi hatujambo. Paa la kanisa limezibwa, na mbwa wa baba bado analala mlangoni akimngoja.

Ijumaa ukumbi wa shule ulifurika. Mezani zilipangwa kofia za vyuo vitatu vya jimbo letu, mwanangu Jakory avae moja tujue atachezea mpira chuo gani. Mchungaji akanitania, "Dada Odessa, usilie, utaharibu picha!" Jakory akazipita zote, akachomoa ya nne ndani ya koti: ya chuo chako, huko Alabama. Mzee mmoja akapiga kelele, "Ametuuza!"

Nikamuuliza kaipata wapi.

"Mjomba alinipa siku tuliyomzika babu."

Kumbe zile siku tatu ulizobaki baada ya mazishi hukuwa unanifariji. Ulikuwa kazini, kocha, ukisaka mchezaji. Nami nikikukaangia kambare kila jioni, nikijisifu kwa majirani kwamba nina kaka.

Fomu ya Jakory ya kujiunga na timu yako inataka sahihi ya mzazi. Iko juu ya friji. Njoo uiombe mwenyewe, ila safari hii usisubiri mpaka nifiwe.

Dada yako,
Odessa