Mbuzi wa Ntheo

Machakos, 18 Agosti

Mwanangu Mutunga,

Mbaazi zimeiva, na goti la mama yako limepoa. Wazee wa kanisa bado wananiuliza unafanya nini Kigali. Nawaeleza kwamba Rwanda ni nchi ndogo, haina bahari, kwa hiyo imewafundisha vijana kuandika programu za kompyuta kwa kampuni za ng'ambo, na sasa kazi ni nyingi hadi inawaita hata wetu.

Jumamosi nilikwenda Mwala kumwomba baba yake Mutindi avumilie, asimwoze hadi mkataba wako uishe. Nilikuta boma limejaa wageni. Alikuwa amepokea mbuzi wa ntheo kutoka kwa familia nyingine, na unajua wakishapokewa, msichana ni mke wa watu.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "tumengoja miaka miwili. Kwani mbuzi wako hawawezi kutembea bila Mutunga?"

Mutindi aliniletea chai. Zamani aliniita baba. Safari hii alisema, "Karibu, mwalimu."

Mwezi wa nne uliniomba nipeleke mbuzi kwa niaba yako. Nilikujibu kwamba mila inamtaka mwenyewe awepo. Si kweli, mwanangu. Mila inaruhusu, nami nilijua. Nilitaka tu kuingia Mwala nikiwa nawe, watu wamwone kijana wangu wa Kigali.

Usimlaumu Mutindi. Nilaumu mimi, lakini uniandikie.

Baba yako,
Aloys