Siku Internet Ilituleteaka Bakambale

Mama Paluku, bibi yangu, weye uko kule juu kwa Mungu,

Usisikilize mutu. Batu bote ya Mususa, mutaa yetu, banaharibishaka hii habari. Jirani anasema mashini ya cyber, ile nyumba ya internet, ililia na sauti ya mutoto yetu Kambale. Uongo. Ba mama ya kanisa banasema nilikimbiaka ku barabara bila viatu. Uongo tena: kiatu moja ilibakiaka. Mwenye kujua habari muzuri ni mie, na weye, na Kavira, ule binti wa cyber. Leo Kavira ni mama muzima, na njo ye anaandika haya ninasema, juu kalamu na mie, unajua, hatukusalimianaka hata siku moja.

Unakumbuka vile vita ilikataka inchi kama muhogo. Kambale alikuwa amekwenda kusoma ku Kinshasa, mara tukaamuka, sie tuko upande ya baasi, ye iko upande ingine. Barua hapana. Gari hapana. Paluku tulimuzikaka angali mudogo, ukabakia na jina yake tu, na Kambale njo alikuwa batoto yako bote. Bajomba bakaanza: "Mumufanyie matanga. Mulie mara moja, mupumzike." Ukakataa. Ukasema, "Mi hapana nyoa kichwa juu ya mutu sijaona maiti yake."

Ile wakati ulikuwa mugonjwa, ulikwendaka kulala kwa dada yako ku Bungulu, kule Beni, karibu na dawa. Mbele ya kupanda gari ukaniambia: "Kwenda ku cyber, utafute mutoto." Nikacheka! Mie, fundi wa mbabula wa kwanza mu Butembo nzima, mie mwenye jiko yake ya mbabula inaivisha maharagi na makaa ya mukono moja, niende kupigia mashini magoti? Nikakuambia: "Hata ndege basoda banaipiga na bunduki. Sasa hii barua yako itapita wapi? Chini ya udongo kama fuko?"

"Na redio, unajuaka inapita wapi? Kila asubui unaisikiliza. Kwenda."

Nikakwenda. Kavira alikuwa binti mwembamba, groupe ya umeme inapiga makelele inje. Akasema kuko fasi mu internet kwenye Bakongomani ya kila inchi banaachaka maneno ya kutafuta batu yabo.

"Papa, jina ya mutoto?"

"Kambale."

"Kambale nani?"

"Andika Kambale wa Butembo, baba yake anamutafuta. Bote banamujua!"

Ah, Mama Paluku. Kwetu kila mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Mie mwenyewe niko Kambale, na sikuwaza!

Niliporudia ku cyber siku ingine, Kavira aliniangalia na macho mukubwa. "Papa, batoto yako bamejibu."

"Batoto gani? Niko na moja."

"Bamejibu bengi. Bote Kambale."

Akanisomea. Kambale wa Kampala. Kambale wa Bruxelles. Kambale alikimbiaka vita na miguu mupaka Lusaka. Moja aliandika tu: "Papa, ni weye? Mama angali muzima?" Nikasimama ku kiti. Manyoya ya mukono yangu nayo ikasimama. Muzaha iliniisha mu kinywa, na we unajua ile haifanyikaka. Bale batoto bote balikuwa mu kale kasanduku, kila moja anaita baba, na hakuna soda na bunduki yake, hakuna barrière ya barabara hata moja, iliwezaka kubafunga njia. Nilitosha kofia yangu kama mu misa.

Sasa yetu ni nani? Nikakutumia habari na dereva wa Beni. Weye, na homa yako, ukacheka, ukarudisha maneno na dereva uleule: "Mubaulize bote, siku ya Noeli ulikaliaka nini?"

Bakajibu. Moja alisema kiti. Moja alisema nyoka, maskini, alijaribu bahati. Kisha ikakuya hii: "Nilikalia mbabula ya papa. Alisema imeshapoa. Niko Kinshasa, niko muzima." Palepale groupe ikazimika, mashini ikakuwa nyeusi.

Nikapiga makelele na nguvu: "Ni yangu! Ni mbabula yangu!"

Mwanaume moja mule ndani akauliza: "Papa anafurahia mutoto ao mbabula?"

"Bote mbili, mujinga we!" nikamujibu.

Bale Bakambale bengine, Kavira alibasoma siku ya yenga, siku ya Mungu, mbele ya kanisa, misa ilipomalizika. Mama moja wa Oicha aliletwa ku baiskeli. Aliposikia yake, ule wa Lusaka, akaikala chini mu vumbi na kitenge yake mupya. Kosa yangu njo ilimurudishia mutoto. Donc hata kukosea, mie nakoseaka muzuri kuliko benye masomo.

Kisha nikapanda gari ya Beni. Ku barrière soda akaniuliza, "Vieux, okei wapi, unakwenda wapi? Umebeba nini?" Nikasema, "Nimebeba mutoto yangu wa Kinshasa, iko mu kichwa." Nikamuelezea. Akashusha bunduki yake. Kisha akasema pole pole, "Na ile mashini inaweza kuona mama yangu ku Mbandaka?" Nikamuambia: kwenda kwa Kavira.

Ku kitanda yako nikakuambia yote. Nikasema, "Na anaomba umuwekee sombe ya kulala, ile majani ya muhogo ya jana, imelala mu sufuria."

Ukaniangalia. "Kambale? Ye hapana pendaka sombe ya kulala. Ni weye."

"Kinshasa imemugeuza."

Ukageukia ukuta. Ulicheka ao ulilia, mi niliona mugongo tu. Kesho yake ukaomba maji ya kuoga. Hakuna mutu alitaja matanga tena.

Leo internet iko mu mufuko ya kila mutu. Bazee banasema imejaa uongo. Mie pia nimejaa uongo, na ulinipendaka. Juzi, mu telephone ya Kavira, nilimuona Kambale mwenyewe, kichwa haina nywele, anacheka. Nikamuambia aonyeshe alama ya mbabula. Akakataa, bibi yake alikuwa pale. Nikagusa ile kioo na kidole. Ilikuwa na moto kidogo, kama mutu.

Sasa kitu moja, kisha upumzike. Ile sombe ya kulala, Kambale hakuiandikaka. Ni mie niliitia mu njia, juu ile message yake ilikuwa fupi, haikukutaja. Kavira anacheka hapa, ye alijuaka. Na weye pia, nazani. Juu kila magaribi uliwekaka sahani "ya Kambale", na kila asubui uliniitaka mie nikuye kuikula.

Ni mie, bwana yako, baba ya ule alikaliaka mbabula