Alama za Mazoezi ya Viungo

Tavares, acha unachofanya unisome. Nimetoka chuoni sasa hivi, niko garini.

Si nilipeleka vyeti vyangu vya utabibu wa jeshi, wanipunguzie masomo nipate leseni ya kazi ya ambulansi? Miaka minane ya kufunga majeraha! Yule mama wa dirisha la usajili, Bi Haskell, kasoma, kagonga muhuri. Unajua katika yote hayo kanipa alama za somo gani tu?

Mazoezi ya viungo.

MAZOEZI YA VIUNGO! Kama vile nilikuwa naruka kamba!

Akaniambia, "Huduma ya kwanza utaanza mwanzo, mwanangu. Kubandika plasta, vitu kama hivyo."

Nikamwambia kule vitani Kandahar nilimzuia mtu damu isimwishe kwa mikono hii dakika arobaini, mpaka helikopta ikafika. Akacheka huku anatafuna biskuti. Makombo yanadondokea vyeti vyangu!

"Kila mwanajeshi ana hadithi yake, mwanangu. Una shahidi?"

Yaani "mwanangu". Pyuu!

Nikamjibu ninaye.

Kesho saa tatu asubuhi nakupitia. Vaa kaptula. Huo mguu wako wa chuma uupandishe juu ya kaunta yake, pale pale penye biskuti, umweleze siku ile nani alikubandika plasta.