Kwa Nini Mpira Haurudi Juu

Jumapili. Mvua imenyesha hapa Ihembe tangu asubuhi, na nimechoka kiasi kwamba hata kuomba siwezi.

Mume wangu alifundisha fizikia sekondari mjini Kayanga hadi kiharusi kilipomwangusha mwaka jana, akiwa ubaoni. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamekuwa mzigo. Hospitali walinielekeza niwe nikidundisha mpira mdogo sakafuni, aufuate kwa macho, ajaribu kuudaka. Nadundisha kila jioni.

Hajaudaka bado.

Leo baada ya ibada wanafunzi wake watatu walikuja na mkungu wa ndizi. "Shikamoo mwalimu." Akaitikia kwa kichwa, nami nikafurahi. Kisha Anitha, binti ambaye zamani mume wangu alimsifia sana hapa nyumbani, akaokota ule mpira na kuuachia. Ukadunda, ukadunda chini zaidi, ukabiringika mpaka mlangoni.

"Mwalimu, swali lako la siku ya kwanza darasani. Kwa nini haurudi juu mpaka ulipoanzia?"

Alikuwa na nia njema. Najua.

Mume wangu akafungua mdomo. Tukasubiri. Mishipa ya shingo ikamtoka, mate yakamtiririka, neno halikuja. Kijana mmoja akainamia simu yake. "Basi mwalimu, pumzika," Anitha akasema, wakaaga harakaharaka.

Walipokwisha kupotelea migombani, akasema, "Joto."

Nikamwondolea blanketi. Akatikisa kichwa. "Joto," akarudia, machozi yakimtoka. Nikafungua dirisha, mvua ikaingia ndani. Akapiga kiti kwa mkono wake mzima. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii, na sikumwelewa.

Nikampigia Anitha simu, nikamweleza kwamba tangu walipoondoka anarudia "joto" tu. Nikasikia analia.

"Amepatia, mama. Mpira ukigonga chini, sehemu ya nishati yake inageuka joto na sauti. Inayobaki haitoshi kuufikisha ulipokuwa."

Nikarudi mbio kwake. "Umepatia! Anitha amesema umepatia!"

Akageukia ukutani.

Kumbe bado anajua yote. Nilikuwa nikijifariji kwamba walau hatambui alichopoteza. Ndicho kitu pekee kilichonipa usingizi, na sasa nacho sina.

Kesho jioni nitaudundisha mpira tena. Lakini nitamtazamaje machoni?