Mchirizi Machoni pa Zaidi

Jumatatu, 4 Mei 1998

Wameamua. Hitma ya mume wangu Zaidi itasomwa Ijumaa. Mama mkwe, Bi Salima, alinieleza akiwa mlangoni, hakutaka hata kukaa. Yule mwenzake wa mtumbwini siku ile ya mafuriko ya Januari, wakivuka mto kwenda Ngorongo na vitabu vya risiti za wanunuzi wa korosho, ameapa mbele ya shehe kwamba alimwona akizama. Muda wote huu kimya, leo ndiyo ulimi umemfunguka!

Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana. Hitma ikisomwa mimi ni mjane, naingia eda. Simngoji mtu tena.

Tajiri yangu Malekbanu kajitolea kuchapa vijitabu vya Yasini, picha ya Zaidi kwenye jalada. Ni haki ya Zaidi, ile mashine ya kuchapia ya mtumba kaiendesha yeye tangu iliposhushwa hapa Kibiti. Na pleti za kuchapia, yale mabati membamba yanayobeba picha, natengeneza mimi. Kwa hiyo na huyu nimtengeneze mimi!

Jumanne, 5 Mei

Kwenye chapa ya kwanza, mchirizi mweupe, upana wa kidole, umepita juu ya macho ya Zaidi. Kama mtu kafungwa kitambaa. Maandishi ya chini safi kabisa.

Ashrafu, aliyeshika mashine sasa, kafuta rola, kapunguza maji, kabadilisha wino. Wapi. Nikachoma pleti nyingine juani chini ya filamu ya picha, nikaiosha kwa dawa mpaka picha ikatokea. Mchirizi palepale.

Ashrafu akanivuta pembeni. Shemeji, huyu hataki.

Nikamwambia aache upuuzi wake, afanye kazi. Lakini moyo ulinidunda — kwa furaha, wallahi. Hataki! Na asiyetaka yu hai.

Jumatano, 6 Mei

Malekbanu kaja mwenyewe na miwani yake. Mashine haina shetani, kasema, ina uchafu. Geuza picha, miguu juu. Mchirizi ukibaki pale ulipokuwa, ubovu uko kwenye mashine. Ukimfuata usoni, uko kwenye pleti.

Ukamfuata.

Ashrafu akatoka nje, akagoma kurudi. Tukaikagua filamu dirishani: safi. Kioo cha kuibania: safi. Nikachanganya dawa mpya. Nikaosha pleti nyingine. Macho yamefutika vilevile.

Jenereta lilipozimwa mchana nikasikia kikohozi nyuma ya mashine. Kile chake, kikavu, anachokohoa kabla ya kuomba spana. Nikaitika, labeka. Nikazunguka kutazama. Marobota ya karatasi tu, na harufu ya mafuta ya taa aliyokuwa akinawia mikono. Nilisimama pale nikitaka akohoe tena.

Jioni Bi Salima. Mji mzima umeshasikia habari za mchirizi. Nilidhani kaja kunigombeza. Kakaa mkekani, kaniuliza taratibu: mwanangu, utaniruhusu lini nilie? Anasema hajalia tangu Januari kwa kunistahi mimi. Nimemwonea huruma na nimemchukia, vyote pamoja. Nikampa chai.

Alhamisi, 7 Mei

Malekbanu kasimama nyuma yangu nikiosha pleti. Hakutazama pleti. Alitazama mkono.

Sihaba, kasema, mkono wako unasimama machoni.

Nikabisha. Miaka yote hii naosha pleti, leo nifundishwe sponji? Sponji ni kwenda bila kusita. Ukiikalisha mahali, dawa inakula picha na inakuacha na weupe. Nawafundisha wenzangu mimi hiyo!

Hakubishana. Kamwita Ashrafu, kamwambia aoshe nyingine yeye. Mkono mzito, kama anafua suruali. Ikatoka safi. Macho yote mawili, na kile kikovu cha nyusi.

Hakuna aliyekuwa akikataa isipokuwa mimi. Nimeosha beseni, nimekung'uta sponji, nimerudi nyumbani kwa miguu bila kusalimia watu. Leo hakukohoa mtu. Ukimya ule ndio umeniogopesha kuliko kikohozi.

Ijumaa, 8 Mei, asubuhi

Mkosi! Jana kwa kuchanganyikiwa hakuna aliyeipaka pleti ya Ashrafu gundi ya kuikinga na hewa. Imeharibika, uso mzima una madoa. Imebaki moja tu kabatini. Nyingine mpaka Dar, na barabara ni tope.

Malekbanu kauliza, nani ataosha? Ashrafu kanyoosha mkono haraka, anataka kuninusuru. Bi Salima naye yupo, kaja na mashuka yangu meupe ya eda kwenye kikapu. Alinitazama tu.

Nimesema mimi.

Nimeshaichoma. Imefunikwa, inangoja beseni. Naandika hapa kwenye benchi huku dawa ikitulia. Nikiukaza mkono bila kusita, Zaidi amekufa, na ni mimi niliyemtoa. Nikisita, hakuna kijitabu, na watu watasema nimemfunga marehemu. Hitma itasomwa vyovyote vile. Mkono ndio wangu peke yake.

Bi Salima kasogeza kigoda, kashika ukingo wa beseni. Anauliza mwanawe ataanza kuonekana wapi. Nimemwambia, kwenye kofia. Kisha paji la uso.

Halafu?

Nikamwambia, halafu macho, mama.

Kasema nikifika hapo nisiseme kitu, atayajua mwenyewe. Keshavua bangili ili zisilie. Malekbanu kafunga mlango. Dawa tayari, sponji ninayo mkononi. Naweka kalamu.