Mkato wa Nusu kwa Nusu

4 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi wazima, ila macho ya mama yako yanazidi kumsumbua. Juzi alinikaribisha mlangoni kwa heshima zote akidhani ni mgeni, na nilipocheka akaninunia hadi jioni. Wewe hujambo? Na hayo mashuka ya hospitali unayoyafua, bado yanakuchubua mikono?

Mimi nimepewa kazi ya usuluhishi bila kuiomba. Tangu hao wenyeji wako wa huko ughaibuni na wale wakubwa wenzao wafukuziane mabalozi na kuzibiana njia ya meli, kibanda changu cha kinyozi hakikaliki. Benchi la kushoto limekuwa la wanaowashabikia wenyeji wako, la kulia la wale wengine. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga huko. Unamkumbuka mwalimu mstaafu tunayemwita Taarifa, alivyokuwa akisoma gazeti moja na fundi viatu? Siku hizi kila mmoja ananunua lake na kulisoma kwa sauti ili mwenzake asisikie lake mwenyewe.

Jana nikachoka. Fundi viatu alipokaa kwenye kiti, nikamnyoa nusu ya kichwa hadi ngozi, nusu nikaiacha na nywele zake, nikachonga mstari katikati. Nikawatangazia kwamba huo ndio mpaka na asiuvuke mtu. Walicheka mpaka Taarifa akaja kuketi benchi la mahasimu wake bila kujijua. Leo vijana wanne wamekuja wakitaka mkato huohuo, na mmoja amenipiga video. Baba yako amekuwa mtu maarufu, jiandae.

Kibali chako kimefikia wapi? Mama yako anauliza kila siku. Anasema anataka akuone wakati bado anaona.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake. Mimi mzima wa mwili. Mikono imezoea, siku hizi hata maji ya moto siyasikii.

Kibali bado. Nimeambiwa nitaitwa kwa mahojiano. Nakukumbusha ili umweleze mama vizuri: wakinipa hiki kipya naruhusiwa kutoka na kurudi. Bila hicho, nikitoka ndiyo basi, mlango umefungwa nyuma yangu. Miaka sita nimengojea karatasi hiyo. Mwambie avumilie kidogo tu.

Huku hawacheki kama nyinyi. Mama mwenye nyumba ametundika bendera dirishani, akaniletea na mimi moja, akasimama pale pale kuona nitaitundika wapi. Dukani wanamwaga chini vinywaji vilivyotoka kwa wale wengine, na mfagiaji anasafisha kimyakimya. Kazini tuna fundi wa mashine za pasi, mtu wa makamo, mzaliwa wa nchi ya wale wengine. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja shuka pana peke yangu. Sasa akikaa mezani na chakula chake, meza inahama. Mimi nimebaki naye, ila naona wenzangu wanavyoniangalia.

Baba, hiyo video ya mkato imefika huku. Mwenzangu mmoja ameniuliza kama ile lugha ni yetu. Nakuomba iishie hapo.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, nasi hatujambo. Mama yako amepewa dawa ya matone. Anasema haisaidii, lakini ameitumia yote.

Kwa hiyo video umenitwika lawama isiyo yangu. Nilichosema siku ile nikipigwa video, na Taarifa ni shahidi, ni kwamba wakubwa hawa wawili nikiwapata kwenye kiti hiki nitawanyoa wote wawili hadi ngozi, kisha waende makwao wakaoge. Wote wawili. Watu wakaikata. Wamebakiza pale niliposhika wembe na kumtaja mkubwa wa wenyeji wako peke yake, na wale wa benchi la kulia wanaichezesha wakishangilia. Wengine wasionijua wananipungia mkono njiani. Nimewaambia sikumaanisha hivyo, wakaniambia nisiogope, wako nyuma yangu.

Mimi ni kinyozi. Nani atamwogopa kinyozi? Usijisumbue na maneno ya vijiweni.

Huyo fundi wa pasi msalimie. Usihame meza.

Baba yako

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini na nyinyi pia.

Nimeitwa kwa mahojiano. Tafadhali usiunyoe tena mkato ule, na kama umebandika picha zake ukutani uziondoe, na ukiombwa kuhojiwa na mtu yeyote ukatae. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi. Simu nazo tuziache kwanza, getini kazini wanazipekua.

Nimehama meza. Usinikaripie.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu,

Ulinikataza kuandika na nimekaa mwezi mzima na zaidi nikitii, jambo ambalo mama yako hajawahi kuliona kwangu. Lakini sasa nimeshindwa. Kama wamekunyima kibali, sema. Kitanda chako kipo na hatutakucheka. Kama unaumwa, sema. Mkato nimeuacha na picha nimezichana.

Mama yako jicho la kushoto limezima kabisa. La kulia daktari anasema bado lina muda, hakusema muda gani. Tunaogopa, mwanangu. Neno moja tu linatosha.

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana.

Kibali nimepewa. Ninacho hapa mezani. Mwambie mama kwanza hilo, kisha keti uisome iliyobaki peke yako.

Aliyenihoji alikuwa mama mmoja mpole. Alinimiminia maji. Aliniuliza habari za kazi, za nyumba, mambo ya kawaida, kisha akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. Ulikuwa wewe, na ile aproni yako ya buluu, na wembe mkononi. Ilikuwa ile iliyokatwa. Akaniuliza kama namjua mtu huyo. Nikasema simjui, ni watu wa mitaani tu, video imezagaa kila mahali. Akaandika.

Hapo ningeweza kunyamaza. Akauliza, hata hakuwa akiniangalia, baba yangu anafanya kazi gani. Ningesema mkulima. Ningesema dereva, hakuna ambaye angekwenda kuchunguza. Nikasema baba yangu alikwisha kufariki. Akaacha kuandika, akanitazama, akaniambia pole sana. Baba, nilipewa pole ya msiba wako, nikaipokea na nikamshukuru.

Siku iliyofuata fundi wa pasi hakuja kazini, na hajaonekana tena. Hakuna aliyeuliza, hata mimi.

Nimeliandika hili kwa sababu siwezi kulibeba na kuja nalo usoni pako. Ruhusa ya kusafiri ninayo. Ila kwenye faili langu nina mama tu. Wakiona picha yangu na yako pamoja, nitakuwa nimewadanganya, na najua kinachofuata. Sijui nije au nisije. Na nikija, sijui nakuja kwa nani. Nisamehe kama unaweza.

Mwanao

15 Julai

Kwako mteja,

Habari za huko. Hapa kibandani hatujambo. Barua hii unaletewa mkononi na mtu anayesafiri, ukishaisoma, ichome.

Niliumia. Nikisema sikuumia nitakuwa nakudanganya. Siku kadhaa nilinyoa watu bila kutoa neno, hadi Taarifa akaniuliza kama nimeng'olewa jino. Nilikuwa na hasira na wewe, kisha nikawa na hasira na ulimi wangu, na huo nimeukasirikia zaidi. Mama yako nilimsomea barua yako yote. Alinirudisha nyuma mara mbili akisema nimeruka mistari, na kweli nilikuwa nimeiruka. Akalia. Alipomaliza akauliza jambo moja tu: anakuja au haji? Nikaona yeye ndiye mwenye akili nyumbani humu.

Basi njoo. Mama unaye kwenye hayo makaratasi yao, kwa hiyo njoo kumwona mama. Atakungoja kwa mama yako mdogo, na jicho lake la kulia analitunza kwa ajili hiyo, hata runinga amekataa kuitazama. Usikanyage nyumbani kwetu. Mtaa huu sasa watu wanapiga picha hata za paka, na bado wapo wanaopita kutaka kusimama nami.

Ukishakaa naye siku chache, njoo unyoe. Ingia kama mtu mwingine yeyote. Kaa benchi lolote, yamechanganyika tena siku hizi, na usubiri zamu yako. Usiniite baba, wala usinitazame sana kwenye kioo. Nitakuuliza umetoka wapi na unataka mkato gani, ndivyo ninavyowauliza wageni wote, nawe unijibu upendavyo.

Kichwa hicho nakijua tangu utosi haujafunga. Nitakinyoa taratibu, taratibu sana, wa nyuma yako wakichoka waende kwa kinyozi mwingine. Hakuna atakayeshangaa kuona kinyozi amemshika mteja kichwa muda mrefu.

Kinyozi